Gwakisa Atakaa na Wageni

Mafinga

Mdogo wangu Tusekile,

Hujambo wewe, na magoti yako yanasemaje? Wajukuu wanakula? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanionea.

Unataka kujua naishije na watu nisiozaliwa nao. Tuko wazee watano kwenye ua mmoja. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake, ila jiko ni moja na meza ni moja, na kupika ni kwa zamu. Asubuhi Mama Sanga, ninayepakana naye ukuta, hunigongea mlango na kunisalimu kwa salamu ya huku, "Kamwene." Usipoitikia, wote wanakuja. Nilipoanguka bafuni mwezi uliopita, hata chai haijachemka walikuwa wameshaninyanyua. Kwa mwanangu ningelala pale sakafuni mpaka wageni waondoke.

Unakumbuka Gwakisa alivyonifanya kule Mbeya. Wakija wageni, napelekwa chumba cha uani, wanaambiwa mama amelala. Nami nimekaa kitandani na kitenge changu kizuri, nawasikia wanakula kuku niliyemfuga mwenyewe. Sijamsamehe, na wewe sikufichi.

Sasa Jumapili kaja na gari. Anagombea uzee wa kanisa, na watu wameanza kumuuliza mama yake yuko wapi. Alikaa mezani kwetu, chai hakuigusa, akasema, "Mama, panda gari twende. Ukifia huku kwa watu baki, mimi nitaonekanaje?"

Nikamwambia, "Utaonekana mgeni."

Nimeshamweleza mchungaji wa hapa. Nikifa nazikwa Mafinga, na wafiwa ni hawa wanaonigongea mlango. Najua nafasi kando ya kaburi la marehemu shemeji yako bado ipo. Hilo nimelilia sana, lakini sibadilishi. Ukoo utataka kunibeba kunirudisha, na nimebaki na wewe tu wa kusimama na kusema hapana. Nakutegemea, mdogo wangu.

Nisalimie binti yako mkubwa, mwambie sweta lake halinitoki mwilini. Msalimie na wifi yetu wa Tukuyu, kama bado ananuna basi anune.

Siku ya kunizika, Gwakisa msimfukuze. Mpeni pole, mpeni kiti nyuma kabisa, na chakula chake kije wengine wakishamaliza. Akitaka kusogea mbele aniage, mwambieni mama amelala.

Dada yako akupendaye,
Atupele