Kidonge cha Pili

Bariadi, Jumatano jioni

Nesi amegundua. Alinishika mkono, akatazama saa yake, akacheka. "Guku, babu yangu, moyo huu unakimbilia wapi?"

Nikakiri kwamba vidonge vya pumu nimekuwa nikimeza viwili badala ya kimoja. Sababu sikumwambia. Moyo ukienda mbio nafumba macho, nasikia kwato za ng'ombe wa baba zikirudi zizini kule Sola, tulikoondolewa nikiwa kijana.

"Utatufia, guku," akasema, sasa hacheki. "Kimoja tu."

Kufa naogopa. Na ule ukimya usio na kwato pia naogopa.

Leo nimemeza kimoja. Ng'ombe wamekuja polepole, mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza nimemsikia baba mwenyewe, nyuma yao, akipiga mluzi.