Gauni Lenye Pindo Pana

4 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Sisi huku hatujambo, ila mimi macho yananiwasha kwa moto wa kuchomelea mageti. Barua hii anakuletea mjukuu wako mwenyewe, shule zimefungwa. Amekuwa mrefu kama mlingoti, mlishe.

Habari ni ile ile ya kanisa. Unajua tulipooana, mimi Mlutheri na mkwe wako Mpentekoste, tuliahidiana kuchagua kanisa moja. Miaka kumi na mitatu imepita na mtoto hajabatizwa. Mimi nilitaka abatizwe akiwa mchanga, mama yake akasema azamishwe akiwa na akili zake. Mwezi uliopita tulijaribu kwa Wabaptisti, ili asishinde mtu. Mkwe wako alitoka analia kwamba pamepoa mno, na mimi sikujua lini nisimame, lini nikae.

Sasa tumekubaliana mtoto achague mwenyewe, nasi tumfuate wote. Tumempa likizo hii afikiri. Tafadhali, Mama, usimshawishi.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma ninapopanda ngazi za kanisa tu, nikishaanza kuimba linanyamaza.

Ninyi watu wazima na ndevu zenu mmeshindwa, ndipo mkamtwisha mtoto? Haya. Sikumshawishi. Nilimpeleka kanisani kwa sababu sikuwa na wa kumwachia nyumbani. Basi juzi, ananichambulia mchele, akaniambia, "Bibi, nimechagua kwenu." Nilimwaga mchele wote kwa furaha!

Nimemshonea gauni jeupe la ubatizo, liko chini kabisa ya begi lake. Mkwe wangu asikasirike. Kule kwao pia Mungu yupo, ingawa kwa ngoma zile sijui kama anapata usingizi.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Afya tunayo.

Siku mtoto aliporudi tulikaa mezani tumsikie. Nilikuwa nimeshasoma barua yako, nikalitoa gauni kabla hajafungua kinywa. Mama yake akaniangalia, akaingia chumbani, akatoka na kanzu nyeupe ya kuzamishiwa. Kumbe kabla ya safari mtoto alimwambia yeye naye, "Mama, nimechagua kwenu."

Nguo mbili zikalala juu ya meza moja. Nilimuuliza mtoto kwa nini ametudanganya. Akasema, "Nilitaka kila mtu afurahi." Mkwe wako akasema umemnunua mwanawe kwa gauni. Nami nikamjibu maneno ambayo siwezi kukuandikia.

Sasa Jumapili kila mtu anashika njia yake. Mtoto anabaki nyumbani. Nikirudi nakuta amefua nguo zote, hata zilizokuwa safi. Mezani hatuombi tena, kwa sababu akianza mmoja mwingine anaweka kijiko chini. Tunakula tu. Naona aibu, Mama.

Mwanao

11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa.

Nisikilize. Mpelekeni kanisani kwa mama yake. Azamishwe, apigiwe ngoma, na wewe uende naye. Gauni mkalifanye pazia. Nimesema kwa moyo wangu wote, na kama mkwe wangu haamini, msomee hapa: mwanangu, nimekubali. Mimi nataka mtoto aingie mahali, basi.

Mama yako

30 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mkwe wako nilimsomea. Alilia, akaniomba msamaha, nami nikamwomba. Tukadhani yamekwisha. Tukamwita mtoto, tukamwambia, Bibi amekubali, twende kwa mama.

Akauliza, "Na Bibi atakaa na nani kanisani?" Akasema hataki kwa mama, hataki kwa baba, hataki popote, na tukimlazimisha atasema ndiyo kama alivyosema mwanzo.

Mama yake anaomba chumbani, mimi sebuleni, kwa sauti ya chini. Hatugombani tena. Hatuna hata la kugombania.

Gauni ameniomba nikurudishie. Alilijaribu mlango ukiwa umefungwa, nikamsikia akimwambia mama yake limekuwa fupi.

Mwanao

15 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Gauni limefika, asante kwa kulipiga pasi.

Limekuwa fupi kwa sababu hakuna aliyelishusha. Nilimwachia pindo pana, nikijua atarefuka. Jana nimelifumua, nimelishusha, nimelikunja upya. Linamtosha sasa, na mwakani pia litamtosha. Usimwambie. Atasema ndiyo ili nifurahi.

Kiti cha pembeni yangu kanisani nilikuwa naweka mkoba, kila akija mtu namwambia kina mwenyewe. Jumapili hii niliutoa mkoba. Akaja mama mmoja mgeni, akakaa. Hajui kuimba hata kidogo.

Msalimie mkwe wangu. Mwambie mtoto nimempokea, hata hivyo alivyo.

Mama yako