Sinema Niliyomsimulia Mama

Herndon, Virginia
Jumanne, mchana

Da Hawa wangu,

Shikamoo. Ukishaitika, mfikishie Tausi salamu zake, mwambie yeye simwamkii mpaka aache kuniita kijogoo. Hamjambo nyote wawili? Mgongo wako umetulia? Na kikohozi cha Tausi je, kimekwisha, au bado anakunywa ile dawa yake ya tangawizi inayonuka mpaka barabarani? Mimi ni mzima, ila mzima wa huku, yaani natembea, nakula, nacheka na watu, lakini ukiniegemeza ukutani nalala papo hapo.

Utashangaa kupata karatasi zama hizi. Nimeacha kukutumia sauti kwa sababu simu yako inasikilizwa na saluni nzima. Nikipiga chafya huku, mteja unayemsuka anasema pole. Haya ya leo ni yako na Tausi peke yenu, ndiyo maana nimeyalaza chini kabisa ya boksi la mafuta ya nywele ninalowatumia. Mwandiko uvumilie. Niliishia kidato cha pili, na hata huko muda mwingi nilikuwa naangalia nje.

Mama alinipigia wiki iliyopita. Anasema Bwana Athumani, yule mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Muheza, ameleta posa, na Mjomba ameshaipokea. Kinachongojwa ni neno lako. Akaniambia, "Mwandikie dada yako, wewe ndiye anayekusikia. Akubali kabla ya Idi, na huyo mwenzake arudi kwao." Nikamjibu nitaandika. Ndiyo hivi naandika. Usiikunje kwanza, nitafika.

Kazi zangu ni zile zile mbili. Asubuhi niko uwanja wa ndege nasukuma wazee kwenye viti vya magurudumu, kutoka mlangoni mpaka kwenye ndege na kurudi. Na katika kusukuma hakuna wa kunifikia, uliza yeyote. Bibi mmoja aliniambia namsukuma vizuri kuliko mwanawe anavyoendesha gari. Nikamwambia, bibi wee, mimi nimekua nikisukuma gari la Mjomba kila asubuhi ndipo liwake, wewe kwangu ni unyoya. Alicheka mpaka meno yakataka kutoka. Lakini miguu, Da Hawa. Mchana nikivua viatu naiona miguu ya mtu mwingine. Halafu navivaa tena, napanda treni mbili kwenda Rockville, kwenye ule ukumbi wa sinema.

Ukumbi wenyewe mdogo, viti vimekaa kichovu kama mimi. Hawaonyeshi zile za mabomu na watu kurukaruka juu ya mapaa. Wanaonyesha za zamani zisizo na rangi, na zile za vijana wasio na hela wanaojipigia picha wenyewe, kamera inatetemeka utadhani ameishika mwenye homa. Mimi nakaanga bisi, nachana tiketi, nafagia. Nilishakwambia kwamba wenye ukumbi, Walter na Leon, ni mtu na kaka yake. Nilimsikia Tausi akicheka kule nyuma ya simu. Na kweli, Walter ni mweupe kama sembe, na Leon ni mweusi kumshinda Mjomba. Sasa ulitaka niseme nini? Si unaijua kazi yangu ya zamani?

Au umesahau kwamba mimi ndiye DJ Kishindo? Banda la video la Ngamiani lilijaa kwa ajili ya koo langu. Sinema ya Kichina, sijui hata neno moja, nakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, nawatafsiria watu mwanzo mpaka mwisho na wanatoka wanajua mpaka jina la mama yake adui. Na sisi watafsiri tuna taratibu zetu. Steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Wakionekana wanaume wawili wanatazamana sana, au wanawake wawili wameshikana mikono na hawaachiani, hao ni ndugu, walipotezana wakati wa vita. Banda zima linalia. Mama mwenyewe akija mjini alikuwa akikaa mstari wa mbele, analia, anapangusa kwa ncha ya kanga, kesho anarudi.

Basi kila mwaka hao wazee wangu wawili wanatenga siku za kuonyesha sinema za watu wa namna yao, wanaume waliopenda wanaume, wanawake waliopenda wanawake. Mwaka huu zilipoanza, akawa anakuja Bi Zuhura. Huyu ni bi mkubwa wa Unguja. Binti yake anahudumia wagonjwa jengo la pili kutoka kwetu, na hathubutu kumwacha nyumbani peke yake kwa sababu anasahau jiko linawaka, hivyo anamwacha kwetu mpaka amalize zamu, na Leon hamtozi. Wajukuu zake wanamwelewa akisema, lakini wanamjibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo akinishika mimi mkono haniachii. Siku ya kwanza tu nikamwambia, Bibi, umekaa na bingwa. Nikaketi kando yake, nikaanza kutafsiri kwa sauti ya chini.

Ilikuwa sinema ya zamani mno, wanawake wawili wana tanuri la mikate karibu na stesheni ya reli. Mrefu nikampa jina Zaituni, mfupi Mwajuma. Nikamweleza Bi Zuhura kwamba ni mtu na dada yake, yatima, wanahangaika na maisha. Mambo yakaenda vizuri. Mara ikafika mahali Mwajuma anamfunga Zaituni aproni kwa nyuma. Anafunga fundo, limeshafungwa, lakini mikono haiondoki. Zaituni naye hageuki. Wamesimama hivyo hivyo, mkate unaungua.

Nikasema, "Hapo anamsaidia dada yake, maana dada ana kidonda mkononi."

"Kidonda kiko wapi?"

"Hakionekani, Bibi. Sinema ya zamani hii."

"We mtoto, mimi macho yangu mabovu, si kipofu. Mtu hamfungi dadake vile. Nambie kama ilivyo."

Da Hawa, mimi ambaye sijawahi kukosa neno tangu nizaliwe, nilikosa. Niliogopa nikimwambia atasimama atoke na mkoba wake, na binti yake anitafute. Mwisho nikasema tu, "Wanapendana, Bibi."

"Nshaona. Nlikuwa nakungoja wewe uone."

Kutoka hapo nikatafsiri bila kuongeza kitu. Ni kazi ngumu kuliko ya uongo, nakwambia. Wakubwa wa mji wanamtafutia Zaituni mume, mkuu wa stesheni, mtu mwema kabisa, ananyoa ndevu vizuri. Anaolewa. Mwajuma anabaki na tanuri peke yake, anashikwa na homa ya mapafu, anakufa, kucha zake zina unga. Basi, taa zikawashwa. Bi Zuhura akaniuliza kosa la Mwajuma lilikuwa nini, nami nikamwokotea mkoba wake.

Nilipokuwa nafagia nikamvaa Walter. Nikamwambia, mzee, kule kwetu ukionyesha sinema steringi anakufa, watu wanadai viingilio vyao. Akaeleza kwamba zamani watengenezaji hawakuruhusiwa vinginevyo. Watu wa namna hiyo ilibidi wafe, au waingiwe na wazimu, au waozwe, ndipo picha ipite. Na yeye na Leon walikuwa wanazijua hivyo hivyo na bado wanakwenda kuzitazama. Nikamuuliza, mlifuata nini, mnajiona mnauawa kila Jumamosi?

"Tulifuata ile aproni," akasema.

Yaani kile kipande kidogo tu. Leon akaongeza kwamba siku hizo walikuwa wakiingia ukumbini hawakai pamoja. Wanaacha kiti kimoja katikati, juu yake wanaweka koti, ili anayeangalia aone ni watu wasiojuana. Na ni kweli, nimemchunguza, mpaka leo Leon akikaa anaweka koti kwenye kiti cha pembeni. Halafu anakumbuka, analichukua, analipakata.

Hapo, dada yangu, nikakikumbuka chumba chenu. Vitanda viwili, kimoja kimelaliwa na mafurushi ya nywele mwaka mzima. Mama akisema anakuja, tunayashusha mafurushi, tunatandika shuka. Mimi ndiye niliyekuwa nayabeba, na sikuwa mtoto wa kutojua nabeba nini. Mlinilea katika chumba hicho wewe na Tausi, na yeye ndiye aliyeniogesha nilipopata tetekuwanga. Watu wakiniuliza ni nani, nasema ni dada yangu wa pili. Sisemi nilikosea. Ilitusaidia. Ila sasa naona Mama ameisikia tafsiri hiyo miaka yote mpaka anaona dada wa pili ni mtu wa kurudishwa kwao tu, kama mgeni aliyezidisha siku.

Jumapili akapiga kuuliza kama nimeshaandika. Nilikuwa kwenye mapumziko, nimekaa kwenye kiti cha magurudumu kitupu, maana hakuna kingine cha kukalia. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kubishana sikuweza. Nikamwambia, Mama, nikusimulie sinema kwanza? Akasema simulia. Unamjua, hakatai.

Nikamsimulia ya mikate. Zaituni na Mwajuma. Nilipofika kwenye aproni nilitamani kweli kuweka kile kidonda, kilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Sikukiweka. Nikasema, Mama, hawa si ndugu, wanapendana kama mtu na mumewe, na wanaishi vizuri, na mkate wao unaliwa na mji mzima. Nikaendelea mpaka kwenye homa ya mapafu.

"Kwa hiyo steringi kafa," akasema.

"Kafa, Mama."

"Adui ni nani?"

Hapo ndipo Kishindo nilipopata kazi. Bandani adui lazima ajulikane, ukimkosa watu wanakurushia maganda ya machungwa. Nikamwambia, "Hakuna, Mama. Wote walikuwa wanawatakia heri."

Nilisikia kuku wake, na mtu akipita kusalimia, naye akaitika kwa sauti ya kawaida. Kisha akauliza kama sina nyingine, hii imemchosha.

Nilikuwa nayo moja, ya hao vijana wa kamera ya homa. Kusema kweli nusu yake nililala, Bi Zuhura ndiye aliyenihadithia, na hiyo hakuhitaji mtafsiri. Vijana wawili wa kiume wanaosha magari. Wanagombana ni nani aliacha ndoo nje. Wanapatana. Wanarudi kwao, wanapika, wanakula. Imekwisha. Nilipoamka walikuwa bado wanakula, nikasema hii ndiyo sinema ya kulipiwa? Bi Zuhura akaniambia ninyamaze, hiyo ndiyo tamu kuliko zote.

Mama akauliza, "Hakuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Wanakula nini?"

"Wali, Mama. Na maharage."

Halafu akaniuliza kikohozi cha Tausi kikoje. Da Hawa, nilishika gurudumu la kile kiti. Nikasema bado kinamsumbua. Akasema, "Waambie Idi waje wote wawili. Sipiki mara mbili."

Nikamuuliza, na Bwana Athumani?

"Nimesema waje wale. Sijasema nimeelewa. Usinitafsirie."

Basi ndiyo hayo, nimeyaleta kama alivyoyasema, sijaongeza wala kupunguza. Sikwambii mambo yamekwisha. Mjomba bado yupo na posa yake, na Mjomba hana hamu ya sinema. Mama naye anaweza kuamka kesho na neno jingine. Lakini kama ulikuwa unangoja mimi nikushawishi uolewe, mimi shauri hilo sina, na Mama nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo huu huu. Nendeni Idi. Nendeni pamoja, mfike pamoja, msipeane zamu mlangoni. Tausi asijifiche jikoni kuosha vyombo toka asubuhi. Akae aandaliwe chakula kama mtu. Na kama Mama atauliza swali, mjibuni alichouliza.

Mkifika mnisalimie Mama, mwambie bisi za huku tunazitia chumvi, hatuzitii sukari, ndiyo maana watu wa huku hawana raha. Mjomba msalimie kwa mbali. Shangazi wa Pongwe mwambie lile koti aliloniletea la ubaridi nalilalia, halijawahi kunitosha mabegani kwa jinsi nilivyojaa. Binti anayewafagilia saluni mwambie bosi wake wa zamani wa ufagio sasa anafagia Marekani. Bi Zuhura naye anakusalimuni. Yeye hawajui ninyi, ila nimemwambia nina dada wawili, akanitazama kidogo, akasema, "Haya. Nisalimie dada zako."

Treni yangu imekaribia, na leo kuna sinema mbili mfululizo. Nimechoka, dada. Si uchovu wa kulala ukaisha.

Kile kitanda cha pili msikiuze. Mafurushi yawekeni popote mtakapo. Nikija nitalala mimi.

Mdogo wenu nyote wawili,
Shabani, DJ Kishindo wa Ngamiani