Wa Mkia Hajafika

Mzee wangu,

Jana niliwashindisha watu njaa huko Koboko. Walimu, manesi, wageni waliokuja na magari, na Mwenyekiti wa msafara, Drani mwenyewe, wote wamekaa chini ya turubai wakitazama sufuria zilizofunikwa. Nimeanza na hili kwa sababu salamu ndefu hukuzipenda hata ulipokuwa hai. Ulikuwa unazikata katikati na kuuliza spana iko wapi.

Kibanda chetu cha baiskeli hapa Onduparaka bado kiko wazi. Benchi lako nimelisogeza karibu na mlango. Siku hizi wananiita fundi, na wale waliokuwa wakiniuliza mwenye kibanda yuko wapi, huku wananitazama usoni, wamezoea fundi mwanamke. Baiskeli yako nyeusi wengi wameitaka, nimekataa. Jana niliipanda mimi.

Sitaki kuzunguka, Mzee. Mwaka jana, mwezi wa nane kama kawaida, shule zimefungwa na karanga mpya zimetoka, msafara wetu wa baiskeli wa kwenda Koboko uliondoka chini ya Arua Hill, nawe ukawa wa mkia kama ulivyokuwa tangu uuanzishe. Wa mwisho barabarani, na pampu na viraka, ili mtu asiachwe nyuma. Sheria yako ilikuwa moja tu: Koboko sufuria hazifunguliwi kabla wa mkia hajafika. Ulipopita Maracha ukampa nesi mmoja tyubu yako ya akiba. Kisha tairi lako likapasuka, ukaanza kusukuma kwa miguu kwenye jua lile. Kule Koboko wageni walitaka kuondoka mapema. Mtu akamkumbusha Drani kwamba wewe bado. Nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Huyu mzee iko najua njia," alisema. "Atafika tu. Pakua."

Wakapakua. Hakuna aliyerudi kukutafuta. Mtu wa boda ndiye aliyekukuta umeegemea karavati, lile bomba la maji chini ya barabara, karibu na njia ya Lurujo, pampu mapajani. Daktari alisema ni moyo. Akasema pia kwamba ungefikishwa mapema kidogo, halafu akaanza kuandika.

Mazishini Drani alishika maiki akasema ulichelewa njiani. Wewe. Wa mkia anachelewaje, Mzee? Si ndiye mwenye kazi ya kufika wa mwisho? Nilikuwa nimesimama karibu na kaburi, udongo mkononi, na badala ya kukuombea nikawa namwapia yeye kwamba atalipa. Mungu anisamehe, au asinisamehe, ni shauri lake.

Mwaka mzima nilingoja. Mwezi huu Drani akachapisha fulana zenye uso wako. Akatangaza kanisani, akaomba itangazwe na msikitini, kwamba msafara ni wa kukukumbuka na kwamba sheria yako imerudi, mtu hatagusa chakula kabla wa mkia hajaingia. Akauliza nani atakuwa wa mkia. Nikainua mkono. Maskini, alinipigia makofi.

Kazi niliifanya sawasawa, usinigombeze. Niliziba matairi matatu, nikamfungia mwalimu mmoja mnyororo wa baiskeli yake, nikahakikisha wote wako mbele na wazima. Saa sita mchana nikafika kwenye lile karavati. Nikashuka. Nikaipindua baiskeli yako, nikafungua gurudumu la nyuma, nikamwaga gololi kwenye kifuniko cha mkebe, tisa za upande huu na tisa za upande ule. Nikaziosha kwa mafuta ya taa, moja moja, nikazifuta, nikaziweka juani. Ulikuwa ukiniambia gololi haina haraka, mwenye haraka ni mjinga. Jana sikuwa mjinga kabisa.

Simu ya kwanza ya Drani ilikuwa ya heshima, aliuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Ya pili alianza kuhema. Nilijua Koboko mbuzi anapoa, ugali wa muhogo unakauka juu, na wale mama wa jikoni wanafukuza nzi kwa vitambaa. Wao hawakunikosea kitu. Niliwafikiria, nikaendelea kupaka grisi. Saa tisa akapiga tena. "Dada, wageni iko nangoja. Watu iko na njaa sana."

Nikamjibu, "Mimi iko najua njia. Nitafika."

Akakata simu. Mzee, sijawahi kuonja kitu kitamu kama jibu lile.

Ilipokaribia saa kumi nikaona mtu anakuja na baiskeli ya kuazima, goti linapiga usukani, amelowa jasho kifuani mpaka uso wako kwenye fulana umekunjamana. Alikuwa peke yake. Wageni walikuwa wameshaondoka na njaa zao. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya mwaka mzima, lakini alishuka, akatazama gurudumu, akatazama karavati, akauliza, "Ni hapa?"

Hakuwa anajua. Mwaka mzima, na fulana zote zile, hajawahi hata kufika kuona mahali ulipokaa. Hasira ilinipanda, nikaiweka spana chini. Nikamwambia ndiyo, ni hapa, na kwamba sitafunga nati hata moja mpaka akubali kwenda kusema mbele ya watu alichosema mwaka jana. Akakubali. Akanishikia gurudumu nikafunga. Tulienda Koboko, yeye mbele na mimi mkiani.

Alisimama pale pale aliposimama mwaka jana, bila maiki. Akasema, "Mzee hakuchelewa. Ni mimi nilisema pakua." Mama mmoja wa jikoni akaanza kulia. Kisha Drani akanitazama, na nikajua anachokumbuka.

Kuna kitu sijakuambia. Mwaka jana, aliposema pakua, mimi nilikuwa wa tatu kwenye mstari. Mwanafunzi wako. Nilikuwa na njaa, Mzee, nilikuwa na njaa tu. Drani mwenyewe ndiye aliyenipakulia, akaniongezea kipande cha paja, nikacheka nikamwambia asante. Nilikula nikamaliza, nikalamba vidole, wakati wewe uko kwenye karavati.

Angeweza kusema. Nafasi nilimpa mimi mwenyewe, watu wote wakisikiliza. Aliniangalia, akafumba mdomo, akaniletea sahani kwa mikono miwili. Kunisitiri huko ndiko sitamsamehe.

Sikula. Sahani niliiweka kwenye kiti ulichozoea kukalia ukifika, nikarudi Arua usiku na baiskeli yako. Inaenda vizuri, habu, kitovu cha gurudumu, hailii hata kidogo.

Basi lala, Mzee wangu, ila usilale sana. Mwezi wa nane ukirudi nitakuwa wa mkia tena, na nitakapoingia Koboko nitasimama mahali pale pale aliposimama Drani, kabla sufuria hazijafunguliwa, niseme na mimi kwamba nilikula. Mpaka siku hiyo chakula cha Koboko hakipiti kooni mwangu. Yeye nimemaliza naye. Bado mmoja.

Fundi wako wa Onduparaka