Baba Ashika Kipaza Sauti

Kopenhagen, 2 Juni 2014

Kaka Troels,

Hamjambo huko Thy? Wifi Lone na watoto wazima? Upepo umewaachia paa? Mimi niko salama, ila koo linakwaruza. Watalii wamejaa, na kutwa nzima nawatembeza mjini kwa mashua na kuwaelezea kwa kelele.

Baba amefika. Nilimkuta stesheni amekumbatia sanduku lake kana kwamba jiji zima limekuja kumnyang'anya. Neno lake la kwanza: "Treni ya kurudi ni saa ngapi?"

Jana nilimpeleka akaone sanamu ya nguva. Akaitazama kidogo, akasema, "Ndama wetu mkubwa kuliko huyu." Leo tumepanda Mnara wa Duara, ule usio na ngazi, unazungukazunguka tu hadi juu. Nikamuuliza, "Umeuonaje, Baba?" Akajibu, "Hata ng'ombe angepanda." Basi. Hayo ndiyo maongezi ya siku nzima.

Kaka, huko nyumbani huwa anacheka? Mimi tangu tumzike Mama sijamsikia. Keshokutwa nampandisha mashua yangu, apende asipende.

Mdogo wako,
Signe

Thy, 3 Juni

Mdogo wangu Signe,

Sisi wazima, mafua tu ya watoto. Lone anakwambia unywe maji ya moto na uache kupiga kelele.

Hacheki. Anaongea na ng'ombe. Mimi naambiwa maneno mawili tu: "Siyo hivyo." Nikifunga lango, siyo hivyo. Nikifunga mashine ya kukamulia, siyo hivyo. Nina miaka arobaini na sita, Signe! Usidhani namkimbia mzee wangu, lakini leo nimekamua huku napiga mluzi.

Jumapili mrudishe kama tulivyokubaliana, nyasi zinangoja kukatwa. Na usimlazimishe mambo, atakununia mpaka Krismasi.

Kaka yako,
Troels

Kopenhagen, 4 Juni

Kaka!

Nisamehe, leo sijui hata kusalimia.

Sauti imenikatikia katikati ya safari. Mashua imejaa wazee wa kwaya kutoka kisiwa cha Bornholm, wote wananitazama, nami nafungua mdomo kama samaki. Baba alikuwa amekaa mbele. Akainuka, akaninyang'anya kipaza sauti. Nikadhani ataamuru turudi gatini.

"Binti yangu amekauka koo," akasema. "Mimi mfugaji, mji huu siujui. Najua mahali pamoja tu. Pale, mbele ya nyumba ile ya njano, mwaka 1966, mke wangu Inger alinipiga kofi la samaki."

Troels, ulijua kwamba walikuja huku fungate? Mama alinunua mkate wa heringi, Baba akasema heringi wa kwao Thy ni watamu zaidi, akapigwa na huyo heringi usoni. Kofia ikaruka majini. Mama akainama kuiokota, akatumbukia. Baba akajirusha kumwokoa, na kuogelea hajui! Mama ndiye aliyemvuta juu kwa ukosi wa shati.

Bibi mmoja akapaza sauti, "Na bado akakubali kuolewa na wewe?"

"Tulishaoana juzi yake, mama. Alikuwa amechelewa kukimbia!"

Mashua nzima ikaangua kicheko. Na Baba akacheka, Troels, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa koti.

Tulipofika gatini akaniambia polepole, "Ndiyo maana sikutaka kuja. Nilijua nitamkuta kila kona. Sasa nimemkuta, na bado ananicheka."

Signe wako, bubu mwenye furaha

Thy, 9 Juni

Signe,

Natumaini mko hai. Jana nilisimama stesheni. Treni imeshusha wanawake wawili na mbwa. Baba hayumo. Simu hushiki. Kuna nini?

Kaka yako

Kopenhagen, 11 Juni

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole sana, tena pole mara mbili. Sauti imerudi, Baba mzima, na Jumapili tuliisahau. Kweli tuliisahau! Tulikuwa kwenye bustani ya burudani, amepanda kile kigari cha mbao kinachoporomoka, akashuka nywele zimesimama, akarudi kwenye foleni. Asubuhi anakwenda bandarini na wastaafu wa mtaa huu wanaomfundisha kuogelea. Anarudi midomo ya bluu, anakula kama kijana.

Jana tulikuwa tumesimama kwenye kigari cha soseji, akauliza ghafla:

"Troels amekata nyasi?"

"Anakungoja wewe, Baba."

Akatafuna, akameza. "Asiningoje. Mwambie shamba ni lake. Ng'ombe wake, mashine zake, nyasi akate anavyotaka. Vuli nikirudi nitakaa ile nyumba ndogo ya bustanini. Na nikisema 'siyo hivyo', anifungie nje."

Nikamwambia ampigie simu mwenyewe. Akasema wewe ukianza kulia na yeye atalia, na soseji itapoa.

Mdogo wako,
Signe

Thy, 23 Juni

Signe, mdogo wangu,

Salamu kutoka kwa wote, mafua yamekwisha. Nimechelewa kujibu, nilikuwa nakata nyasi. Zangu.

Barua yako niliisoma juu ya trekta. Nikazima injini, nikaisoma tena. Nilipoingia jikoni Lone akaniuliza, "Unalia nini?" Nikamwambia ni vumbi. Akasema, "Vumbi gani, na jana mvua imenyesha?"

Jana nimempigia Baba. Nikajiandaa kumweleza habari za maziwa. Hakuuliza. Ameuliza kama nina kaptura ya kuogelea.

Jirani yetu Kresten atatukamulia wiki nzima. Likizo ya kwanza tangu nioe! Tunafika Jumamosi mchana, sote wanne. Binti mdogo anavaa boya lake sebuleni tangu asubuhi, na leo jioni anataka kwenda nalo kwenye moto mkubwa wa mkesha wa Mtakatifu Yohana. Usitupangie matembezi yoyote. Baba amesema yeye ndiye mwenyeji.

Ila niambie ukweli, na yeye asijue kwamba nimeuliza: hayo maji ya bandarini ni baridi kiasi gani?

Kaka yako,
Troels