Tarumbeta Zinazongoja Mgeni Rasmi

Mwalimu,

Ni mimi Nasieku, yule uliyekuwa unasema niko na mapafu ya ng'ombe. Tangu tukusindikize kwenu Mumias sijakuandikia, na leo nakuandikia kwa hasira. Nisamehe mapema.

Wale wafadhili uliowaandikia miaka yote wamejibu. Ndiyo, baada ya wewe kufa. Walituma tarumbeta kumi, mpya kabisa. Nililia siku hiyo. Nikasema, si ungengoja kidogo tu.

Sasa sikia. Zimefungiwa stoo ya ukumbi hapa Kitengela tangu mwezi wa pili, na huu ni wa tisa. Mwenyekiti wa kamati anasema hakuna kugusa mpaka mgeni rasmi aje azizindue. Mheshimiwa ameahirisha mara tatu. Kwanza alikuwa safarini, halafu ikawa mvua. Mara ya tatu tulikaa kwa hema mpaka saa kumi, akina mama wamepika pilau ya kutosha wilaya nzima, ndio tukaambiwa ameitwa Nairobi. Watoto walirudi nyumbani na shati nyeupe zimeingia vumbi.

Kanisa nalo liliposikia tumepata mpya, likachukua zile kuukuu lilizokuwa linatuazima. Imebaki moja, ile ya mbuzi. Unakumbuka harambee ya Kimuka? Watu hawakuwa na pesa, mama yangu akaleta mbuzi wawili, na majirani wakafuata. Ulipoinunua, wazee walitaka kwanza siku ya maombi na hotuba. Wewe ukanipa palepale, mimi niliyekuwa mdogo kuliko wote. "Puliza kwanza, hotuba baadaye." Nikatoa sauti ya punda mgonjwa. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Hiyo moja ndiyo watoto saba wanapokezana. Walikuwa ishirini. Wengine nikikutana nao sokoni wananiuliza, "Mwalimu, mgeni alikuja?" Siku hizi ni mimi naitwa mwalimu, na naona aibu kuitika.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: wafadhili wanataka picha za watoto wakipiga tarumbeta kabla mwezi huu uishe, la sivyo msaada wa mwaka ujao wanaupeleka kwingine. Nilimwambia mwenyekiti. Akaenda akapiga picha masanduku. Masanduku, Mwalimu! Akaniambia nitulie, watoto wako na wakati. Hata wewe tulidhani uko na wakati.

Lakini wacha nikuambie ukweli, maana sina mwingine wa kumwambia. Ufunguo wa stoo uko kwangu. Nilipewa niutunze, na nimeutunza miezi saba kwa sababu naogopa nitanyang'anywa darasa. Kila Jumamosi naandika do re mi kwa ubao, stoo iko nyuma yangu, na ufunguo uko mfukoni. Hilo si kosa la mheshimiwa. Ni langu.

Basi kesho kutwa ni Jumamosi, na nakuahidi nitafungua. Mdogo kuliko wote sasa ni Achieng, binti wa mama anayeuza maji karibu na stendi. Yeye ndiye atapuliza kwanza, na picha nitapiga mwenyewe. Mwenyekiti akitaka kunifukuza, aje anifukuze watoto wote saba wakipuliza. Itabidi apige kelele sana ndio nimsikie.

Pumzika sasa, Mwalimu wangu. Hotuba nitajua baadaye.

Nasieku