Gari la Mwezini la Pinki

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungua duka langu la dawa za mifugo saa mbili. Dawa ya kupe imeisha tena. Mchana nikapita kwa mama wa mitumba hapa Kitengela, nikachimbua gunia lake la vitu vya watoto kama kawaida. Chini kabisa, gari la mwezini la kuchezea. La bati, magurudumu sita, la zamani hasa. Pinki! Mengine yote niliyowahi kuona ni ya rangi ya fedha. Nikalipa bila kubishana bei.

Jumanne, 5 Agosti
Rafiki yangu Sankale amelitafuta hili gari miaka kumi na mbili. Ndiye aliyenifundisha kukusanya vitu hivi vya kuchezea. Tulikutana soko la Ngong, sote wawili tumeshika roketi moja, hakuna anayetaka kuachilia. Husema kiwandani walipaka rangi yoyote iliyobaki. Yeye ana chombo cha angani cha rangi ya chai ya maziwa. Sasa analala nyumbani kwake Kajiado, ini limeharibika. Nimwambie? Sijamwambia.

Alhamisi, 7 Agosti
Sankale amepiga simu. Sauti imekonda. "Njoo Jumamosi, tuongee magari kidogo." Nikamwambia kazi ni nyingi dukani. Uongo. Wateja walikuwa watatu. Naogopa nikimwona nitampa. Aibu, lakini ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimelisafisha kwa mswaki. Chini ya uchafu pinki imekolea kama ulimi wa ndama. Nikaliweka kabatini. Nikafurahi. Halafu sikufurahi.

Jumapili, 10 Agosti
Sikuenda kanisani. Nimeamua. Kesho nafunga duka, nampelekea. Liwe lake kwa siku alizobaki nazo. Nimelifunga kwa gazeti.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimefika Kajiado saa nne. Viti vya plastiki uani, wanawake wanaimba. Nikajua kabla sijaambiwa. Amefariki alfajiri.
Mkewe, Mama Nashipae, alinishika mkono. Nikamweleza yote palepale: gari, wiki nzima, uongo wa dukani. Nilitaka anigombeze. Alifungua gazeti, akaangalia, akanirudishia.
"Jumamosi alinituma nimtolee kiti, akakaa pale kwa geti mpaka jua likazama. Gari hakutaja hata moja, shemeji. Alikuwa anakungoja wewe."


Ijumaa, 15 Agosti
Tumemzika. Upepo mwingi. Wanafunzi wake wa zamani walimsifu mwalimu wao. Nilipoitwa nikaongee, nikatikisa kichwa.

Jumanne, 19 Agosti
Baridi. Mzee mmoja alikuja na shida ya ndama asiyenyonya. Nikamweleza polepole, mara mbili. Jioni nikafunga mapema, nikatembea hadi kwa dada yangu. Hatujaonana tangu Pasaka. Akauliza kama kuna neno. Nikasema hakuna, nimekuja tu. Akanivutia kiti jikoni, akaendelea kuchambua sukuma wiki. Nikamsaidia.